Ada Imefutwa, Mama Ana Kazi Gani?



Kila Januari inapokaribia, mazungumzo ya akina mama huwa ya aina moja. Sokoni, bombani, hata nje ya kanisa baada ya ibada, tunaulizana juu ya sare, viatu, madaftari, na mtoto wa nani amechaguliwa kwenda wapi. Tunazungumza sana juu ya shule. Lakini neno "sera" likitajwa, wengi wetu hunyamaza. Tunadhani hayo ni mambo ya wakubwa walioko Dodoma, nasi kazi yetu ni kufua sare na kumwamsha mtoto alfajiri.

Mwezi huu tumeona ni vyema tuyatazame mambo hayo ya wakubwa tukiwa tumesimama jikoni mwetu. Tangu serikali ya Tanzania ilipofuta ada, mambo mengi yanayoamua kama mtoto atasoma au atakaa tu darasani yamehamia nyumbani kwetu na kwenye mkutano wa wazazi. Mama asiyeijua sera atadaiwa asichopaswa kudaiwa. Tena, lililo baya zaidi, mtoto wake atanyimwa anachostahili kupewa, naye mama asijue la kusema.

Tulikotoka

Nchi yetu haikuanza jana kuhangaika na suala la elimu. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Novemba 1974, viongozi wa TANU wakikutana Musoma, waliazimia kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto mwenye umri wa kwenda shule awe ameandikishwa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikaja kumbana mzazi anayemficha mtoto nyumbani. Na wasomaji wetu wenye umri mkubwa watakumbuka kisomo cha watu wazima, ambapo akina mama wenye watoto migongoni walikaa chini ya miembe kujifunza herufi. Kufikia mwaka 1986, takwimu za serikali zilionyesha kwamba watu wazima wapatao 90 katika kila 100 walijua kusoma na kuandika.

Baadaye hali ya uchumi ikawa ngumu. Wazazi wakaanza tena kuchangia, madawati yakavunjika bila kutengenezwa, na watoto wengi wakabaki nyumbani. Ilipofika mwaka 2000, kati ya watoto kumi wenye umri wa shule ya msingi, walioandikishwa walikuwa kama sita tu. Mwaka 2001 serikali ikafuta ada ya shule za msingi, ukaja mpango wa MMEM. Kuanzia 2004 ukafuata ule wa MMES, ambao ndio uliotuletea sekondari za kata. Januari 2016 ada ikaondolewa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa pia kidato cha tano na cha sita.

Hizo ni hatua kubwa na hatuna budi kuzishukuru. Binti wa mkulima ambaye zamani angeishia darasa la saba, leo anaweza kufika kidato cha sita bila baba yake kuuza ng'ombe. Hata hivyo historia hiyo ina onyo ndani yake. Kila mara mlango ulipofunguliwa, watoto waliingia wengi kuliko viti, vitabu na walimu waliokuwepo. Mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, ambao matokeo yake yalitangazwa Februari 2013, ulituonyesha wazi: zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Taifa lilishtuka, tume ikaundwa, na matokeo yenyewe yakapangwa upya. Watoto wale walikuwa wameingia shule, lakini wengi wao hawakupata walichofuata.

Bila ada si bila gharama

Tuanze na jambo linaloleta ugomvi mwingi kati ya wazazi na walimu. Kabla ya mwaka 2016, ada ya sekondari ya serikali ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na ya bweni shilingi 70,000. Lakini mzazi alijua kwamba ada haikuwa mzigo mkubwa. Mzigo ulikuwa michango: ya dawati, ya mlinzi, ya mitihani, ya ujenzi, ya nembo, na mingine ambayo hata jina lake halikueleweka. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada pamoja na michango hiyo ya lazima. Kisha Waraka Na. 3 wa mwaka 2016 ukaeleza nani atafanya nini.

Tunawasihi wasomaji wetu wayashike mambo ya waraka huo wa pili. Serikali inapeleka fedha za kuendesha shule na kulipa walimu. Mzazi anabaki na sare, madaftari na kalamu, matibabu, nauli, chakula cha mtoto wa kutwa, na vitu kama godoro na shuka kwa mtoto wa bweni. Michango mingine ni ya hiari, wazazi wakikubaliana na taratibu zikifuatwa. Hakuna mtoto anayepaswa kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi wake hajachanga.

Je, tuseme basi kwamba mzazi asitoe kitu tena? La hasha. Hebu tupige hesabu pamoja. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, kiwango cha ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, na wa sekondari shilingi 25,000. Mwaka wa shule una siku 194 za masomo. Gawanya 10,000 kwa 194, utapata shilingi hamsini na kitu kwa siku. Kwa fedha hiyo hununui hata andazi, na humo ndimo mlimopaswa kutoka chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na mengine. Mwalimu mkuu anayeitisha mkutano na kuomba msaada si lazima awe mwizi. Pengine ni mtu anayejaribu kupika chungu kikubwa kwa kuni mbili.

Linalotakiwa ni uwazi. Mchango ukubaliwe mkutanoni, uandikwe, stakabadhi itolewe, na matumizi yabandikwe mahali ambapo kila mzazi atayaona. Katika mikutano mingi ya shule akina mama ndio wengi, lakini wanaosimama kuuliza ni akina baba wachache waliokaa mbele. Mama ambaye hujua hesabu ya upatu wa watu thelathini bila daftari hashindwi kuuliza fedha za darasa la mwanawe zilikwenda wapi.

Chakula nacho tusikidharau. Mtoto anayetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi bila kitu tumboni, akatembea kilomita nne, hawezi kuelewa hesabu za sehemu ifikapo saa tano. Mahali ambapo wazazi wamekubaliana kutoa debe la mahindi na kilo chache za maharage wakati wa mavuno, badala ya fedha taslimu mwezi wa njaa, mpango huwa mwepesi kwa kila nyumba. Lakini tuangalie pia nani anabeba kuni na nani anachota maji ya uji huo. Mara nyingi ni wasichana, tena wakati wavulana wako darasani. Kamati ya shule inaweza kulirekebisha jambo hilo kwa siku moja, mtu akilisema.

Darasa limejaa, je, mtoto anasoma?

Kiwango kinachotakiwa ni wanafunzi 45 kwa darasa. Wasomaji wetu wa mijini, na hata wa vijiji vikubwa, wanajua kwamba darasa la watoto mia na zaidi si hadithi ya kubuni. Serikali imejenga: kwa fedha za mpango wa UVIKO-19 wa mwaka 2021/22, shilingi trilioni 1.3, yalijengwa madarasa yapatayo 15,000 nchini. Wengi wetu tuliyaona yakiinuka, mengine kwa miezi michache. Lakini ukuta haufundishi. Chukua darasa la watoto 120 na kipindi cha dakika 40. Hata mwalimu asipoandika neno ubaoni, akipita tu kumtazama kila mtoto, kila mmoja atapata sekunde ishirini.

Kwa sababu hiyo mtoto anaweza kupanda darasa hadi darasa bila kujua kusoma, na asigundulike. Mwaka 2011 utafiti wa Uwezo uliofanyika majumbani ulikuta kwamba kati ya watoto kumi wa darasa la tatu, watatu tu ndio walioweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Habari hiyo iliwaumiza wengi, na ni miongoni mwa mambo yaliyoifanya serikali mwaka 2015 kuanza mtaala mpya wa madarasa ya chini unaokazia kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK.

Mama asisubiri utafiti. Mpe mtoto wako wa darasa la tatu ukurasa wa gazeti hili, umwambie asome aya moja kwa sauti. Kisha lifunike, umwulize: "Umesoma nini?" Akisoma kwa kusitasita kila neno, au akimaliza bila kujua alichosoma, umepata jibu ambalo ripoti ya mwisho wa muhula haikukupa. Hata mama asiyejua kusoma anaweza kupima hivyo, kwa kuwa sikio lake litamwambia kama mtoto anasema au anakwama. Ukikuta anakwama, usimpige wala kumwita mjinga. Nenda ukamwone mwalimu wake mapema, na kila jioni umkalishe dakika kumi akusomee wewe unapochambua mboga. Dakika kumi za mama mmoja na mtoto mmoja ni nyingi kuliko wanazopata wengi darasani kwa wiki nzima.

Lugha mbili, mtoto mmoja

Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili. Siku anapoingia kidato cha kwanza, jiografia, biolojia na hesabu zote zinageuka kuwa za Kiingereza. Wataalamu wamebishana juu ya jambo hili kwa miongo kadhaa. Wapo wasemao Kiswahili kiendelee hadi juu, kwa kuwa mtu hufikiri vema kwa lugha anayoielewa. Wapo wasemao Kiingereza kianze mapema ili watoto wetu wasiachwe nyuma. Sisi hatutayamaliza mabishano hayo hapa. Tunachojua ni kwamba wakati wakubwa wanabishana, mtoto anakaa kimya darasani. Aliyekuwa akinyoosha kidole kila siku katika darasa la saba sasa ananakili ubaoni asichokielewa, na nyumbani anaambiwa amekuwa mvivu.

Mama, usimhukumu haraka. Mwulize kwa Kiswahili alichofundishwa leo katika biolojia. Kama anaweza kukueleza moyo unavyosukuma damu, basi somo limeingia, na kilichobaki ni lugha. Kama hawezi kueleza kwa lugha yoyote, hapo tatizo ni kubwa zaidi. Miezi ya kungoja matokeo ya darasa la saba isipotee yote kwenye biashara ndogondogo. Kamusi moja ikinunuliwa na nyumba tatu kwa pamoja, watoto wakasoma wakiwa watatu, itawafaa kuliko simu.

Tuseme pia neno kwa wanaojinyima kula ili mtoto asome shule ya kulipia yenye maandishi ya Kiingereza getini. Kabla hujalipa, ingia darasani usikilize. Mwalimu asiyekimudu Kiingereza humfundisha mtoto makosa kwa gharama kubwa, na mtoto hutoka hapo hajui vizuri hata lugha ya mama yake.

Binti aliyepata mimba

Sasa tufike kwenye jambo ambalo husemwa kwa kunong'ona. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, wapatao 22 walikuwa wamewahi kupata ujauzito. Hao si watoto wa watu wa mbali. Wanatoka nyumba zetu, wanaimba kwaya zetu, na baadhi ya mama zao wanasoma ukurasa huu.

Kwa miaka mingi binti wa namna hiyo alifukuzwa shule, na habari yake ikaishia hapo. Juni 2017 Rais Magufuli alitamka hadharani, akiwa Chalinze, kwamba mwanafunzi aliyepata mimba hatarudi shule ya serikali wakati wa uongozi wake. Wazazi wengi walimuunga mkono, wakiogopa kwamba kumrudisha mmoja kungewaharibu wengine. Novemba 2021, katika uongozi wa Rais Samia Suluhu Hassan, utaratibu ulibadilika. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 uliruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, na mimba ikiwemo, kurudi katika shule za serikali. Mwongozo uliofuata mwaka 2022 uliweka muda wa kurudi kuwa ndani ya miaka miwili.

Miaka miwili! Tunarudia kwa kuwa nyumba nyingi hazijui. Mama hukasirika mwaka wa kwanza, akaona haya mwaka wa pili, na anapoanza kusikia huruma muda umekwisha. Binti amekwisha zoea kuuza vitumbua kituoni, au amepata mimba ya pili. Wale waliochelewa bado wana njia nyingine ya kusoma sekondari kupitia vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, lakini njia ya kurudi shuleni inataka uamuzi wa mapema, tangu mtoto angali ananyonya.

Uamuzi huo ni wa nani? Si wa waziri. Waraka unafungua lango la shule, lakini hauwezi kumbeba mtoto mchanga saa mbili asubuhi. Binti atarudi darasani kama yuko bibi, shangazi au mama mkubwa atakayesema: "Mwache kwangu, nenda." Atakaa darasani kama baba yake hatamtajia aibu yake kila anapoomba fedha ya daftari. Ikiwa shule ya zamani ina macho mengi na midomo mirefu, ulizeni juu ya kumhamishia nyingine.

Kwa upande wa makanisani, tusemezane ukweli. Binti akionekana ana tumbo, huondolewa kwaya na kutengwa, na mara nyingi kijana aliyehusika anaendelea kupiga gitaa pale mbele. Hatusemi dhambi iitwe jina lingine. Tunauliza tu: adhabu hiyo ikiisha, nani humpokea? Vikundi vyetu vya wanawake hukusanya vitenge na sabuni kwa mama aliyejifungua katika ndoa. Kikundi hichohicho kinaweza kupanga zamu ya kumlea mtoto wa binti mmoja hadi amalize kidato cha nne. Hilo halihitaji fedha nyingi. Linahitaji mioyo iliyokubaliana.

Tena, tusimsahau mwanamume. Tangu mwaka 2016 sheria inasema kwamba anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anaweza kufungwa miaka 30, na ni kosa pia kumwoa au kumwozesha mwanafunzi. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 2016 kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 14 au 15 vinapingana na Katiba. Pamoja na hayo yote, kesi nyingi hufia nyumbani. Wazee wa pande mbili hukaa, mbuzi wakatolewa, bahasha ikapita, na siku ya mahakamani binti anaambiwa aseme hamfahamu mtu huyo. Mama anayekubali bahasha ile amemuuza mtoto wake mara ya pili, na amemwachia mtu huyo nafasi ya kumfuata binti wa jirani.

Hesabu ya mwaka 2028

Jambo la mwisho ni jipya, na tunaona halijazungumzwa vya kutosha katika nyumba zetu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa rasmi mwanzoni mwa mwaka 2025, imebadilisha urefu wa safari ya shule. Elimu ya msingi itakuwa miaka sita badala ya saba, na elimu ya lazima itakuwa miaka kumi, yaani hiyo sita pamoja na minne ya sekondari. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na ndani yake kuna mkondo wa amali ambapo mwanafunzi wa sekondari husoma pia ufundi, kilimo au kazi nyingine ya mikono.

Sasa tazama. Mtoto aliyekuwa darasa la nne mwaka 2024 anafuata utaratibu wa zamani, naye atamaliza darasa la saba mwaka 2027. Aliyekuwa darasa la tatu mwaka huohuo anafuata utaratibu mpya, naye atamaliza darasa la sita mwaka 2027 vilevile. Maana yake ni kwamba Januari 2028 watoto wa madarasa mawili wataingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Mwaka 2024 peke yake waliofanya mtihani wa darasa la saba walikuwa zaidi ya milioni 1.2. Fikiria makundi mawili ya namna hiyo yakibisha hodi siku moja kwenye sekondari ambazo tayari zina watoto waliobanana.

Serikali inalijua jambo hili na ujenzi unaendelea. Lakini kila kata ina hesabu yake. Mama mwenye watoto wawili waliofuatana anaweza kujikuta ananunua sare mbili za sekondari mwezi mmoja. Ni vyema aanze kuweka kidogo kidogo mapema, kabla hajashtukizwa. Tena mkutano wa kata ndio mahali pa kuuliza: sekondari yetu itapokea wangapi mwaka 2028, wana madarasa mangapi, vyoo vya wasichana vingapi, na walimu wa sayansi wako wangapi? Swali likiulizwa mapema hujengewa chumba. Likiulizwa Januari 2028 litajibiwa kwa kukalisha watoto chini.

Juu ya mkondo wa amali, tuondoe dharau. Wengi wetu tukisikia ufundi tunadhani ni mahali pa walioshindwa. Mbona fundi bomba na fundi umeme tunawatafuta kwa simu mara tatu ndipo waje? La kuuliza ni kama shule iliyotangaza ufundi ina karakana, vifaa na mwalimu wa fani hiyo. Ushonaji bila cherehani ni kuandika notisi tu.

Tufanye nini?

Hatupendi kuwaachia maneno mengi bila la kushika. Mwezi huu tunaomba kila msomaji afanye mambo manne. Kwanza, ajue mkutano ujao wa wazazi ni lini, aende, na aulize angalau swali moja la fedha au la chakula. Pili, amsikilize mtoto wake akisoma. Tatu, kama kuna binti katika ukoo wake aliyekatiza masomo, ahesabu miezi tangu alipoacha shule, kisha aende naye kwa mkuu wa shule kabla ya miaka miwili kupita. Nne, atazame ni watoto gani nyumbani kwake watakaoingia sekondari mwaka 2028.

Sera nzuri ni kama mbegu nzuri iliyotolewa na bwana shamba. Ikiachwa gunia moja ghalani, panya hula. Mama zetu waliokaa chini ya miembe na watoto migongoni hawakungoja darasa likamilike ndipo waanze kusoma. Nasi tusingoje. Tuandikieni mtueleze mambo yalivyo katika shule za kwenu, hasa pale wazazi walipofanikiwa kupanga chakula cha mchana au kumrudisha binti shuleni, ili wengine wajifunze kwenu.

Hadi mwezi ujao, tunawatakia amani nyumbani mwenu.